Mbuzi, Mwambie Mama Ageukie Kulia

Vijana wangu, mkimwinua mtu aliyepooza upande mmoja, msimvute kwa mkono uliolegea. Naanza na hilo kwa sababu mengine mnaweza kuyasahau. Mtu akipigwa kiharusi, misuli iliyokuwa ikilishika bega inalala, na mkono unabaki kuning'inia. Ukiuvuta, bega linaachia kidogo kidogo, na mgonjwa anapata maumivu yatakayomfanya akuchukie wewe na mazoezi yako. Mshike kiunoni. Mfunge kanga kiunoni, halafu shika kanga. Nimeona manesi wakikosea hapo, nimeona ndugu wa wagonjwa, nimeona wazee wa kanisa waliokuja kuombea. Na mimi mwenyewe niliwahi kuliumiza bega la mtu bila hata kumgusa. Nitawaeleza ilivyokuwa.

Sikusoma kama ninyi. Nilimaliza darasa la saba, nikaajiriwa hospitalini hapa Lushoto kupiga deki wodini. Siku moja Bwana Hoza, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa chumba cha mazoezi, alikosa mtu wa kumshika mgonjwa upande wa pili. Akaniita, "Wewe, weka hilo dekio, njoo." Nikaliweka, na sikulishika tena. Baadaye nilipelekwa kozi fupi mara mbili, nikapewa koti jeupe, na watu wakaanza kuniita daktari wa mazoezi. Mara ya kwanza nilikataa. Ya pili nilikataa. Ya tatu nikanyamaza, maana linapendeza masikioni.

Bwana Hoza alikuwa hapigi kelele, lakini alikuwa na ulimi. Siku zangu za mwanzo alinikuta nimemkumbatia mzee mmoja, namburuta kutoka kitandani hadi dirishani.

"Nani anafanya mazoezi hapa?" akauliza.

"Mgonjwa, Bwana Hoza."

"Mbona unatoka jasho wewe?"

Yule mzee mgonjwa alicheka mpaka akashika meza asianguke, na kwa kushika meza akawa amesimama mwenyewe. Bwana Hoza akaniambia, "Umeona? Alikuwa anakungoja umwachie."

Alinifundisha pia swali la kuuliza kabla ya jambo lolote: unataka kwenda wapi? Hakuna mtu anayekunja goti kwa ajili ya goti. Anakunja ili afike mahali. Tulipata mzee wa Bungu mwenye ugonjwa wa kutetemeka, ule unaomfanya mtu agande mlangoni kama amegundishwa sakafuni. Tulihangaika naye. Tulipomwuliza anataka kwenda wapi, akasema, "Kwenye banda la ng'ombe wangu, lakini miguu inagoma kizingitini." Basi tukamlazia mabua ya mahindi sakafuni, moja moja, mwendo wa hatua, akawa anayaruka kama mtoto. Nyumbani wajukuu wakamlazia mabua hivyo hivyo hadi bandani. Shida ilikuwa moja tu, ng'ombe waliyala. Wajukuu ikabidi wapake mistari ya chokaa.

Swali hilo nimewauliza wagonjwa wengi sana. Mmoja nilimwuliza vibaya, na huyo alikuwa mama mkwe wangu.

Mke wangu aliitwa Ester. Hii ni Pasaka ya pili bila yeye. Sitasema mengi juu ya hilo. Kwao ni juu ya Soni, mahali ambapo nyumba imekaa mlimani kama imebandikwa. Ukisimama uani, shamba la juu liko usawa wa kichwa chako, na la chini liko chini ya miguu yako. Katika ukoo wao, mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe. Hamtazami usoni, wala haketi naye chumba kimoja. Najua siku hizi wengi wameacha, na hata mchungaji alisema si dhambi kumshika mama mkwe mkono wa salamu. Lakini mama huyu alikuwa wa zamani, na mimi sikutaka niwe mkwe wa kwanza kumvunjia heshima.

Hakuwahi kusema nami moja kwa moja. Aliniambia mambo kupitia kwa Ester, na Ester asipokuwepo, alisema na chochote kilicho karibu. Siku niliyokwenda mara ya kwanza, mvua ilikuwa inanyesha na nimekaa mahali bati linapovuja. Nikamsikia jikoni anamwambia kuku, "Na wewe kuku, mbona unalowa na nafasi ipo kule ukutani?" Nikahamia ukutani. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na tulipendana sana.

Kiharusi kilimpata asubuhi akichuma maharage. Upande wa kushoto ukafa, mkono na mguu. Kusema alisema vizuri. Alilazwa hospitalini kwetu, akahudumiwa na msichana aliyekuwa amekuja kujifunza kazi, mimi nikakaa mbali na wodi ile kama vile nina ugonjwa wa kuambukiza. Alipotolewa, msichana hangeweza kupanda naye milimani. Aliyebaki anayeijua kazi ni mimi, na mimi siruhusiwi kumgusa.

Ester akasema, "Utakaa nje ya ukuta. Utasema, mimi nitafanya."

Nikaona ni rahisi. Kazi nilikuwa naijua kama njia ya kwenda nyumbani. Jumamosi ya kwanza nikakaa kwenye kigoda nje ya chumba chake, mgongo kwenye ukuta wa udongo. Nikapaza sauti, "Shikamoo mama." Ndani ikajibu, "Marahaba," halafu ikamwambia Ester, "Mwulize huko nyumbani hawajambo?"

"Akae ukingoni mwa kitanda," nikasema. Nikasikia kitanda kinalia. "Sasa mwinue."

Nikasikia pumzi imekatika. Si kilio, pumzi tu, ya mtu anayejizuia.

"Umemshika wapi?"

"Mkononi."

"Mkono upi?"

"Huu uliolegea. Ndio uliokuwa karibu yangu."

Nikaegemeza kichwa ukutani. Hilo ndilo bega nililowaambia. Mama hakulalamika, maana angelalamikaje juu ya mwili wake kwa mkwe? Wiki mbili zikapita ndipo Ester akagundua kwamba hawezi kulalia upande ule. Mikono yangu ilijua mambo mengi ambayo mdomo wangu haukuwahi kuyasema. Miaka yote nilikuwa namwinua mtu bila kufikiri, na sasa ilibidi niseme: mguu wako wa kulia weka hapa, goti lako lizuie goti lake, shika kanga ya kiunoni, mwambie asogeze pua mbele ya vidole vya miguu, kisha ndipo anyanyuke. Ninyi mlio na vyeti, jaribuni siku moja kumfundisha mtu kusimama huku mmeupa ukuta mgongo. Mtajua mnachokijua na msichokijua.

Nilijifunza pia kusikiliza. Mguu mzima ukitua unasema "tu." Mguu mgonjwa unaburuza kwanza, "shaa," halafu unapiga chini kwa kisigino au kwa vidole. Ukipiga kwa vidole, kifundo kimekaza. Baada ya miezi miwili nilikuwa nikisema, "Ester, anakanyagia vidole, mkandamize kisigino chini," na mama ndani anamwuliza binti yake, "Amechungulia?"

"Hajachungulia, mama. Anasikia."

"Ana masikio ya popo."

Ester akaja kuninong'oneza hayo akicheka.

Sasa swali la Bwana Hoza. Wiki ya pili au ya tatu nilimwambia Ester, "Mwulize mama anataka aweze kwenda wapi." Akaingia, wakanong'ona muda mrefu. Akatoka akitazama pembeni.

"Anasema anataka aweze kwenda kuchimba dawa mwenyewe. Hilo tu. Mengine hataki."

Mama mkwe alikuwa anajulikana kijiji kizima kwa mizizi. Mtoto akiumwa tumbo, watu walikuja kwake, naye alipanda msituni juu ya shamba na jembe dogo, akachimba. Nikafurahi. Nikaona hili ndilo lengo la kweli, lenye heshima. Nikachimbia nguzo kuanzia uani kupanda shamba la juu, nikapigilia fito za mkalitusi za kushikia, usawa wa nyonga. Nikamfundisha kupanda kwa kupitia sauti ya Ester: mguu mzima utangulie, mgonjwa ufuate. Nikampangia hata kuchuchumaa na kuinuka, maana mizizi haichimbwi kwa kusimama. Wao wakafanya yote. Miezi inapita, kila Jumamosi mama anapanda, anapumzika kwenye jiwe, anageuka, na Ester anamshika kanga kumrudisha chini. Hakuna aliyeniuliza kwa nini fito zinaelekea juu. Mtaalamu haulizwi. Mkumbuke hilo, mgonjwa akikutii sana usijisifu, mwogope.

Jumamosi moja Ester alishuka Soni sokoni na dada yake, kununua mbegu za kabichi. Mimi nikabaki shamba la juu nikibadilisha fito iliyooza. Ilikuwa asubuhi, ukungu umekaa, njia imelowa. Nikasikia fimbo ya mama uani. Tu, shaa. Tu, shaa. Nikangoja aje kwenye fito zangu. Lakini sauti haikuja juu. Ilikwenda upande wa banda la mbuzi, kule ambako mteremko unaanza.

Nikasikia anaanza kushuka, na anatanguliza mguu mzima. Kama nilivyomfundisha kupanda. Nilijua kitakachotokea. Ukishuka kwa kutanguliza mguu mzima, mwili wote unabaki juu ya goti gonjwa, na goti gonjwa halibebi. Nilifungua mdomo nipige kelele, na nitawaambia ukweli, sikupiga. Nilikuwa natafuta namna ya kumwita mama mkwe wangu kwa sauti, na sikuwahi kufanya hivyo maishani. Katika kutafuta huko, akaanguka.

Nilikimbia. Nilipofika kwenye kona ya banda nikamwona amelala ubavu kwenye magimbi, kanga ya kichwani imetoka. Nikageuka haraka, nikampa mgongo. Hatua kumi hivi kati yetu. Mbuzi wao jike alikuwa amefungwa pale, anatafuna, anatutazama wote wawili.

"Mama," nikasema.

Nikamsikia, sauti kavu kabisa: "Wewe mbuzi, mwambie huyo asinishike."

Nikasema, "Mbuzi, mwulize mama kama kichwa kimegonga chini."

"Mwambie kichwa kizima. Kilichoanguka ni makalio." Halafu akagundua ametamka nini mbele ya mkwe, akasema, "Mbuzi, hilo usimwambie."

Ningeweza kumbeba. Alikuwa mwepesi. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikosea kutombeba. Najua tu kwamba alisema asishikwe, na alikuwa na akili zake zote.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie mama ageukie kulia. Upande mzima uwe chini. Asiharakishe."

Nikasikia majani ya magimbi yakivunjika.

"Mwambie ajiinue kwa kiwiko cha kulia. Kisha kiganja. Akae kwanza, apumue."

"Mwambie nimekaa."

"Vizuri. Sasa nguzo ya banda iko upande gani wake?"

"Mbuzi, hivi yeye haoni nguzo?"

"Mwambie nimempa mgongo."

"Iko mbele yangu."

"Basi aipigie magoti. Aishike kwa mkono wa kulia, kwa nguvu. Mguu wa kulia aukanyagishe mbele, goti la kushoto libaki chini. Hapo apumue tena. Asogeze pua mbele, aisukume ardhi."

Ilichukua muda. Mara mbili nilisikia ametua tena, na mara mbili mikono yangu iliniinuka yenyewe bila mimi kuiambia. Nikaikunja kifuani. Mara ya tatu nikasikia nguzo inalia, halafu pumzi ndefu.

"Mbuzi. Mwambie nimesimama."

Mbuzi ndiye aliyelia.

Kisha nikauliza, "Mbuzi, mama alikuwa anakwenda wapi huku? Fito za kwenda msituni ziko juu."

Akasema polepole, kama anamweleza mtoto, "Mbuzi, huyu mtu amevaa koti jeupe lakini hajui mambo. Nilisema nataka kwenda kuchimba dawa. Na dawa yetu sisi inachimbwa pale chini, penye mlango wa bati."

Chini ya banda, hatua ishirini kwenye mteremko, palikuwa na choo.

Jamani. Nimepanda mabasi ya Tanga tangu ujana wangu. Nimemsikia kondakta akitangaza, "Wa kuchimba dawa washuke, dakika tano!" Nimeshuka mwenyewe, nimekwenda kichakani na abiria wengine. Na bado, aliposema mama mkwe, nikafikiria mizizi. Miezi yote ile mama wa watu alikuwa akiletewa ndoo chumbani na wake wa wanawe, akigeuza uso ukutani. Alikuwa na ombi moja tu, akalisema kwa maneno ya heshima kadiri alivyoweza, nami nikamjengea njia ya kwenda msituni.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie mama anisamehe. Na mwambie kushuka si kama kupanda. Kushuka, fimbo itangulie, mguu mgonjwa ufuate, mzima uje nyuma. Mzima unapanda, mgonjwa unashuka."

"Mzima unapanda, mgonjwa unashuka," akarudia. Halafu akasema, "Sasa huyo mtu aende zake. Nina haraka."

Nikapanda shamba la juu mbio, nikachukua nyundo, nikaanza kuigonga nguzo ambayo haikuwa na shida yoyote, ili asikie niko mbali. Niligonga hadi nikasikia mlango wa bati unafungwa. Nikaendelea kugonga. Baada ya muda mlango ukafunguka, na fimbo ikaanza kupanda. Tu, shaa. Sikumtazama.

Ester aliporudi na mbegu zake nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, uso umekaza. "Mizizi?" akasema. "Baba Danieli, ulidhani mizizi?" Akaketi juu ya gunia, akacheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi kweli, akasema, "Na mimi nilidhani wewe ndiye unayejua, kwamba mazoezi huanzia juu."

Tulihamisha fito zote wiki ile ile, zikaelekea chini. Choo hakikuwa na mahali pa kukalia, na kuchuchumaa kwa mguu mmoja ni hatari. Nikamwambia Ester ampime mama kwa kamba ya katani, kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, akiwa ameketi. Hicho ndicho kimo cha kiti cha mtu; kikizidi miguu inaning'inia, kikipungua hawezi kunyanyuka. Kamba ile nikampelekea fundi seremala, akatengeneza kiti chenye tundu, na ukutani upande wa kulia tukaweka mti wa kushika. Niliweka siku mama amekwenda kanisani. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, isipokuwa jioni ile nilipoletewa chai Ester alisema, "Kuna mtu amemwambia sufuria kwamba asante."

Aliishi masika manne baada ya hapo. Mkono haukurudi. Msituni hakwenda tena, akawatuma wajukuu, akawagombeza kwa kuleta mizizi siyo. Ndoo ilitolewa chumbani, ikapandwa kitunguu.

Alifariki alfajiri ya Jumapili moja, usingizini. Mchana wanawake walimwosha, sisi wanaume tukiwa uani kwenye mabenchi. Ester alitoka, mikono ya gauni imekunjwa, imelowa. Akaja akachuchumaa karibu yangu, kichwa chini, ili wengine wasisikie.

"Baba Danieli."

"Naam."

"Nimemgeuza mwenyewe. Mgongo, nyonga, visigino. Hana kidonda hata kimoja."

Ninyi mnajua maana yake. Wagonjwa wa aina hii hulala mpaka ngozi inaoza.

"Na mguu wa kushoto nimeuosha mwisho," akasema. "Unyayo ulikuwa na udongo wa njia ya chini. Alishuka jana jioni, hakumwita mtu."

Nikasema asante. Akakaa pale kidogo, kisha akarudi ndani kumaliza.